Kijana Mwenye Ulemavu Anapogundulika Kuwa na Kisukari: Wajibu wa Familia, Kliniki na Serikali za Mitaa

Kipimo cha sukari ni miongoni mwa vipimo vyepesi kuliko vyote vinavyofanyika katika vituo vya kutolea huduma za afya nchini. Tone moja la damu ya kidoleni na sekunde chache za kusubiri hutosha kutoa jibu. Pamoja na wepesi huo, kijana mwenye ulemavu huweza kuishi na kisukari kwa wiki kadhaa bila kupimwa, kwa sababu kila dalili anayoionesha hupewa maelezo mengine yanayotokana na ulemavu wake.

Kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye alikwisha kuacha kukojoa kitandani anapoanza tena, familia hudhani amerudi nyuma katika makuzi. Mwenye usonji anayekwenda kwenye ndoo ya maji kila baada ya muda mfupi huonekana amejizoesha tabia mpya. Mwenye mtindio wa ubongo anapokonda, sababu hutafutwa kwenye ugumu wake wa kutafuna na kumeza. Anapolala mchana kutwa, hudhaniwa kuwa dawa za kifafa zimemzidi nguvu. Hali hizo zote, yaani kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito na uchovu usioisha, ni dalili zilezile ambazo kijana asiye na ulemavu angezieleza kwa maneno yake mwenyewe na kupimwa siku hiyohiyo.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mwili unapokosa insulini kabisa huanza kuyeyusha mafuta ili kupata nguvu, na mabaki yake, yaani ketoni, huifanya damu kuwa na asidi. Mgonjwa hutapika, hulalamika tumbo, hupumua kwa kasi na kwa kina, na pumzi yake huweza kutoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Katika maeneo yenye malaria, kutapika na kulegea hufikiriwa kwanza kuwa ni malaria, na kupumua kwa kasi hufikiriwa kuwa ni homa ya mapafu. Mzazi ana haki ya kuomba sukari ipimwe kabla mgonjwa wa namna hiyo hajaondoka kituoni, iwe kipimo cha malaria kimeonesha vimelea au la. Hali hii huua endapo haitatibiwa haraka hospitalini kwa insulini na maji ya mishipani.

Aina ya kisukari na kwa nini ni muhimu kuijua

Kwa vigezo vinavyotumika, kisukari huthibitishwa pale sukari ya mtu ambaye hajala kwa saa zisizopungua nane inapofikia milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au inapofikia 11.1 wakati wowote kwa mtu mwenye dalili za wazi. Baada ya hapo swali linalofuata ni aina ya ugonjwa. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na mgonjwa huhitaji sindano za insulini maisha yake yote. Katika aina ya pili insulini ipo lakini mwili hauitumii ipasavyo, na tiba huanza kwa mpangilio wa chakula, mazoezi na vidonge kama metformini.

Umri na umbo la mgonjwa havitoshi kutofautisha aina hizo mbili, na kwa kijana mwenye ulemavu makosa ni rahisi zaidi. Watu wenye Sindromu ya Down wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine ya kupata aina ya kwanza, pamoja na matatizo ya tezi ya thairoidi. Wakati huohuo wengi wao wana uzito mkubwa, jambo linalomfanya mhudumu afikirie aina ya pili. Kijana mwenye aina ya kwanza anayepewa vidonge pekee yuko hatarini hata kama ameondoka kliniki akitembea. Kwa upande mwingine, baadhi ya dawa zinazotumika kutuliza magonjwa ya akili, zikiwemo olanzapini na klozapini, huongeza uzito na huweza kupandisha sukari. Kijana anayetumia dawa hizo anastahili kupimwa sukari mara kwa mara. Mzazi hapaswi kuzisitisha mwenyewe baada ya kusikia habari hii; anapaswa kwenda na pakiti za dawa zote kwenye kliniki ya kisukari, kisha kuhakikisha kuwa daktari wa kisukari na daktari wa afya ya akili wanajua kila mmoja anaandika nini.

Anayezungumziwa ni mtu mzima

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 20 anayetumia kiti mwendo, au asiyesikia, au anayehitaji maelezo marefu ili kuelewa jambo, si mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa wahudumu wa afya wanawapa watu wenye ulemavu huduma zenye ubora sawa na za wengine, ikiwemo kuomba ridhaa yao baada ya kuwaeleza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ilitungwa katika msingi huohuo.

Katika chumba cha daktari, hata hivyo, maswali mara nyingi huelekezwa kwa mama. “Anakula? Anakojoa vizuri? Sindano anakubali?” Kijana hukaa katikati ya watu wawili wanaomzungumzia kana kwamba hayupo. Madhara ya jambo hili huvuka suala la heshima. Kijana ambaye hajaelezwa kwa nini anachomwa kila siku huiona sindano kuwa adhabu, na anayeiona kuwa adhabu huikimbia, huificha au hupigana. Wazazi wengi hugundua ugumu huo katika wiki ya pili au ya tatu, pale ubishi unapoanza nyumbani.

Maelezo yatolewe kwa lugha ambayo kijana anaitumia. Kwa kiziwi, hiyo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na mkalimani asiwe mdogo wake wa darasa la tano pale anapopatikana mtu mwingine. Kwa mwenye ulemavu wa akili, sentensi fupi inayorudiwa kila siku hufanya kazi kuliko somo refu la siku moja: mwili umeishiwa dawa yake, sindano inarudisha dawa hiyo. Picha zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio wa kupima, kuchoma, kula na kuandika kwenye daftari humsaidia sana kijana mwenye usonji, ambaye ratiba isiyobadilika humpa utulivu. Hapa ulemavu hugeuka kuwa msaada: kijana anayedai kila kitu kifanyike saa ileile na kwa utaratibu uleule huweza kuwa mlinzi bora wa dozi yake kuliko kaka yake asiye na ulemavu wowote.

Kwa asiyeweza kujichoma, ipo sehemu ya kazi anayoweza kuifanya. Huweza kuchagua kidole cha kutobolewa, kuchagua kati ya tumbo na paja, kuhesabu hadi kumi wakati sindano ikiwa ndani, au kutia alama ya vema kwenye kalenda. Mzazi anayefanya yote kwa sababu ndiyo njia ya haraka hujikuta miaka mitano baadaye akiwa mtu pekee duniani anayeweza kumhudumia mwanawe.

Sindano, kipimo na utunzaji

Insulini inayotolewa kwa wingi katika hospitali huwa ndani ya chupa ya mililita 10 yenye uniti 100 katika kila mililita. Bomba linalotumika lazima liwe la insulini lenye alama za uniti hizo. Kukadiria dozi kwa bomba la kawaida la mililita kumewahi kuwaingiza wagonjwa katika hatari kubwa. Insulini ya maji meupe yenye ukungu huviringishwa taratibu kati ya viganja hadi ichanganyike, haitikiswi kwa nguvu. Sehemu ya kuchoma hubadilishwa kila mara, kwa kuwa kurudia mahali palepale huvimbisha mafuta chini ya ngozi na kuifanya dawa isifyonzwe vizuri. Kijana anayetumia kiti mwendo na asiyehisi vizuri sehemu za chini huhitaji mpangilio wake wa sehemu za kuchoma, uliokubaliwa na muuguzi.

Kwa mwenye uoni hafifu, kalamu ya insulini inayotoa mlio kwa kila uniti inaweza kutumika baada ya mafunzo, akiwepo mtu wa kuhakiki dozi. Mwenye mikono inayotetemeka au kukakamaa huchomwa na mtu mwingine akiwa ameegemea na kutulia, na ni vema ifanyike muda ambao misuli yake imelegea. Sindano zilizotumika huwekwa katika chupa ngumu yenye kifuniko na kurudishwa kituoni. Hazitupwi shimoni wala jalalani.

Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu katika nyuzijoto 2 hadi 8 bila kugusana na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na kuonekana nzima. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne mahali penye ubaridi. Nyumba zisizo na umeme hutumia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati ukiwekwa mchanga uliolowanishwa, na vyote hukaa kivulini penye upepo. Njia hiyo hufanya kazi vizuri katika mikoa yenye hewa kavu kama Dodoma na Singida, na hupungua nguvu Pwani ambako hewa ina unyevunyevu mwingi. Safarini, insulini hubaki kwenye mkoba wa mkononi. Buti la basi huwa na joto kali.

Sukari ikishuka

Kupanda kwa sukari huharibu mwili taratibu, lakini kushuka kwake huweza kumwangusha mtu ndani ya dakika. Sukari iliyo chini ya milimoli 3.9 kwa lita kwa mtu anayetumia insulini inahitaji hatua ya papo hapo. Dalili za kawaida ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na mapigo ya moyo kwenda mbio. Kwa kijana asiyezungumza dalili ya kwanza huwa ni tabia: kulia, kucheka bila sababu, kukataa kusogea, kumpiga mtu anayempenda. Kaya yenye kijana wa namna hii inapaswa kujiwekea kanuni moja, kwamba mabadiliko ya ghafla ya tabia hupimwa kwanza na kukaripiwa baadaye. Kanuni hiyohiyo inahusu degedege. Kijana mwenye kifafa akipata degedege, sukari ipimwe, kwa kuwa sukari iliyoshuka sana nayo huleta degedege.

Anayeweza kumeza hupewa takriban gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja cha mezani cha asali. Baada ya dakika 15 hupimwa tena, na kama bado iko chini hurudiwa. Ikipanda hupewa chakula. Chokoleti na maziwa ya mgando havifai kwa hatua ya kwanza kwa sababu hupandisha sukari polepole. Kijana anayepaliwa na vitu vyepesi, kama ilivyo kwa wengi wenye mtindio wa ubongo, anahitaji kitu kizito zaidi, na hilo huamuliwa na kliniki mapema, si usiku wa tukio. Aliyepoteza fahamu au anayetikisika hapewi chochote mdomoni. Hulazwa ubavu na kukimbizwa kituo cha afya.

Ishara ya mkono yenye maana ya “sukari yangu inashuka” inaweza kufundishwa kwa kijana asiyesema. Ifundishwe pia kwa mwalimu wa chuo cha ufundi, kwa jirani na kwa kiongozi wa ibada.

Chakula cha nyumba nzima

Kumpikia mgonjwa sufuria yake peke yake hudumu wiki mbili tu. Kinachodumu ni nyumba nzima kubadilika: ugali wa dona wa kiasi cha ngumi moja, maharage, mchicha au matembele kujaza nusu ya sahani, dagaa au samaki, na chai isiyo na sukari kwa wote. Matunda hayakatazwi, embe moja ndogo au nusu ya papai dogo ni tunda, bali jagi la juisi ya embe ni sukari.

Kwa anayetumia insulini, muda wa chakula una uzito sawa na aina yake. Insulini mchanganyiko huchomwa takriban nusu saa kabla ya kula, hivyo chakula kisipokuja, sukari hushuka. Kijana mwenye usonji anayekataa sahani kwa sababu rangi yake imebadilika humweka mzazi katika wakati mgumu, na ni lazima daktari aelezwe ili achague aina ya insulini na muda unaovumilia hali hiyo. Kijana anapougua na kushindwa kula, insulini haisitishwi kabisa. Hupimwa mara nyingi zaidi, hunywa maji, na akitapika mfululizo hupelekwa hospitali. Familia za Kiislamu zenye kijana anayetumia insulini ziende kliniki wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kisheria ya dini yake kutofunga.

Harusini na msibani ndiko mipango yote huvunjika. Chakula huchelewa, na wageni wema humpa kijana soda kwa huruma, moja baada ya nyingine.

Gharama na ofisi zinazohusika

Insulini imo katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu na husambazwa vituoni kupitia Bohari ya Dawa. Kinachoumiza kaya nyingi ni vijiti vya kupimia, ambavyo huisha haraka kuliko dawa. Pale ambapo haviwezi kupatikana vya kutosha, kliniki ielezwe ukweli huo ili ipange ni saa zipi za kupima zina faida zaidi, badala ya mzazi kuvihifadhi kwa ajili ya siku ya kliniki pekee.

Katika skimu za bima ya afya umri wa mtoto kuwa mtegemezi una ukomo. Mzazi asisubiri kadi ikataliwe dirishani. Aende ofisi ya bima kabla ya siku ya kuzaliwa inayohusika, akiwa na taarifa ya daktari kuhusu ulemavu na kisukari, aulize utaratibu unaotumika chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kaya isiyo na uwezo huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kupata barua ya utambulisho, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali au halmashauri, ambaye ndiye anayeshughulikia msamaha wa gharama. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu, na kijana mwenye shughuli ya uzalishaji anaweza kuomba kupitia Ofisi ya Maendeleo ya Jamii.

Chama cha Kisukari Tanzania hutoa elimu kwa wagonjwa na familia, na hospitali za rufaa zina kliniki za kisukari. Kijana aliyekuwa akihudhuria kliniki ya watoto huhamia ya watu wazima, na katika kuhama huko ndiko wengi hupotea. Faili liambatane na ukurasa mmoja unaoeleza aina ya ulemavu, namna ya kuwasiliana naye, dawa zote na namna anavyoonekana sukari ikishuka. Kila mwaka achunguzwe macho na figo, na miguu ikaguliwe kila hudhurio. Kwa mwenye mgongo wazi au aliyeumia uti wa mgongo, miguu na sehemu anazokalia zikaguliwe nyumbani kila jioni, kwa sababu hatahisi kidonda kinapoanza.

Ukurasa huohuo unafaa kubandikwa ndani ya mlango wa chumba. Mama akiitwa msibani mkoa mwingine, au yeye mwenyewe akilazwa, lazima awepo ndani ya kaya mtu wa pili aliyekwisha kuchoma sindano hiyo kwa mkono wake, mbele ya muuguzi, si aliyeelekezwa kwa simu. Kliniki nyingi hukubali ndugu wawili waingie pamoja na kijana siku ya mafunzo iwapo wataomba.